La Mgambo Likilia

Mjomba wangu alikuwa bawabu wa hoteli hapa Kikambala. Mwaka wa 2002 alikuwa na vitu viwili ambavyo hakuna mwingine mtaani kwetu alikuwa navyo: buti za kung'aa na wokitoki. Buti zilikuwa zake. Redio ilikuwa ya kazi, anaichukua akiingia zamu na kuirudisha akitoka, na akiipoteza anakatwa mshahara mpaka ailipe. Mimi wakati huo nilikuwa na miaka mitatu. Sikumbuki buti wala redio. Haya nayajua kwa sababu ya kijitabu.

Ni daftari la shule lililokatwa katikati kwa kisu ili liingie mfuko wa shati. Ndani mna orodha kwa mwandiko wa mjomba, herufi kubwa kubwa. Moja, mgeni amefika. Mbili, msimamizi yuaja, amkeni. Tatu, mwizi ufuoni. Nne, moto. Tano, ita polisi. Inaendelea hivyo hadi kumi na mbili, ambayo ni "mgeni amelewa, msimguse." Kila hoteli ya pwani hii ilikuwa na orodha yake, na za jirani hazikufanana. Nne ya kwa mjomba ilikuwa moto. Nne ya hoteli ya pili kutoka hapo ilikuwa chakula cha askari kimefika.

Alhamisi ya tarehe 28 Novemba 2002, asubuhi, gari aina ya Pajero lilivunja kizuizi cha hoteli ya Paradise, ufuoni hapa hapa Kikambala, likalipuka. Wageni kutoka Israeli walikuwa ndo kwanza wanafika na ngoma ya kuwalaki inachezwa. Walikufa Waisraeli watatu na Wakenya kumi, wakiwemo wachezaji ngoma, mbali na wale waliolipua. Paa la makuti likashika moto. Asubuhi hiyo hiyo, huko uwanja wa ndege wa Moi, Mombasa, makombora mawili yalirushwa kuilenga ndege ya Arkia iliyokuwa ikipaa kwenda Tel Aviv na abiria 261. Yote mawili yalikosa.

Mjomba alikuwa langoni kwa hoteli yake, mwendo wa miguu kutoka hapo. Anasema kwanza ulikuja mshindo, halafu moshi, halafu redio. Mtu akaita, "Nne, nne, nne!" Mwingine akajibu, "Hii si nne." Baada ya hapo namba zikaisha. Kuna aliyeuliza maswali kwa Kiswahili, kuna aliyekuwa akimwita Mulungu kwa Kigiriama huku kidole kimekwama kwenye kitufe, na maadamu kidole kimekwama, hakuna mwingine anayesikika. Mwishowe msimamizi akapata nafasi akatoa amri: wote kimya, hewa ni ya wakubwa tu.

Mamangu alikuwa amesimama kando ya barabara kuu, mimi mgongoni, akimngoja kakake. Kila matatu iliyotoka upande ule ilikuwa na habari yake. Hoteli ni hii. La, ni ile. Mabawabu wote wamekufa. Hatua hamsini kutoka pale aliposimama kulikuwa na lango la juu la hoteli ya mjomba, na bawabu mwenye redio. Yule bawabu alikuwa ameisikia sauti ya mjomba zaidi ya mara moja asubuhi ile. Alijua yu hai. Lakini ameambiwa kimya, na mambo ya redio hayasemwi kwa watu wa nje. Mama aliletewa habari saa tisa mchana, na mjomba mwenyewe, kwa miguu, buti zimejaa majivu.

Hiyo hadithi nimeisikia nikiwa mdogo mara nyingi sana. Nilivyokua ndipo nikaanza kujiuliza: hizi namba ni za nini hasa? Zinamsaidia nani kuelewa, na zinamzuia nani?

*

Chuo niliacha mwaka wa pili. Karo, na mengine. Nilirudi nyumbani na simu yenye kioo kilichopasuka, nikawa naandika makala za watu kwa malipo ya kila neno, usiku, wakati bando ni rahisi. Usiku mmoja nikaangukia tovuti inayorusha redio za polisi wa Marekani moja kwa moja. Huku saa nane usiku, Chicago ni jioni. Nikaweka masikioni nikiwa naandika kuhusu magodoro.

Wiki ya kwanza sikuambulia kitu. Ilikuwa mikwaruzo na namba, sauti ya mwanamke aliyechoka akigawa kazi kama anayegawa chai msibani. Nikatafuta orodha ya namba hizo, nikaipata ile ya zamani ya chama cha maafisa wa mawasiliano ya polisi, nikaibandika ukutani. Kwenye orodha ile 10-1 maana yake ni kwamba sikusikii vizuri. Siku moja nikamsikia polisi akisema 10-1, nikajiambia, masikini, netiweki mbaya hata huko. Kumbe sauti ya yule mwanamke ikabadilika. Magari yakaanza kujibu moja baada ya jingine, ving'ora nyuma yao. Kwa Chicago, 10-1 ni polisi anayehitaji msaada sasa hivi. New York kwa jambo hilo hilo husema 10-13. Na 10-13 kwenye orodha yangu ya ukutani ilikuwa hali ya hewa na barabara.

Nikamkumbuka yule wa Kikambala: "Hii si nne." Basi nikaanza kusoma historia yake.

Redio ya polisi inayofanya kazi ndani ya gari ilianza Detroit mwaka wa 1928. Ilikuwa ya upande mmoja, kituo kinasema na gari linasikia tu. Polisi wakipata ujumbe walitafuta simu ya kupigia kituoni. Kituo chenyewe kilisajiliwa kama cha burudani, kwa hiyo kati ya tangazo la wizi na la wizi ikabidi kipige muziki. Mwananchi mwenye redio nyumbani aliyasikia yote. Mwaka wa 1933 polisi wa Bayonne, New Jersey, wakapata redio za pande mbili, gari nalo likaweza kujibu.

Namba za kumi zilikuja mwaka wa 1937. Mtu anayetajwa ni Charles Hopper, aliyesimamia mawasiliano ya polisi wa jimbo la Illinois. Masafa yalikuwa machache na polisi wengi, hivyo maneno yalitakiwa yawe mafupi. Lakini kwa nini kila namba itangulizwe na kumi? Sababu ni ya kifundi tu. Redio za magari za siku zile zilichukua sehemu ya sekunde kupata nguvu baada ya kubonyeza kitufe, na silabi ya kwanza ilimezwa. Hopper akaweka neno lisilo na kazi mbele ili limezwe lenyewe na ujumbe ubaki mzima. Yaani ile "ten" tunayoisikia kwenye sinema na kudhani ni siri kubwa ilikuwa kama kukohoa kabla ya kusema.

Mengi ya lugha hii ni hivyo. "Roger" ni jina lililosimamia herufi R, ya neno la Kiingereza la kupokea, katika alfabeti ya redio ya zamani. Alfabeti mpya ilipokubaliwa 1956 R ikawa Romeo, ila Roger alishazoeleka. "Mayday" ya ndege na meli ni Kifaransa cha "nisaidie" kilichobanwa kwa ulimi wa Kiingereza miaka ya 1920. Na 187, ambayo vijana wanaijua kwa nyimbo za rapu, ni kifungu cha mauaji katika sheria ya California. Sisi tuna zetu. Uliza mtu yeyote aliyewahi kukaa rumande Shimo la Tewa, atakwambia 203 ni mauaji na 296(2) ni wizi wa mabavu. Hakuzisoma popote. Aliziokota pale ndani, kama tunavyookota maneno yote muhimu.

*

Pwani hii haikungoja polisi ifundishwe ishara. Zamani mbiu, pembe ya nyati, ikipigwa mjini watu walitoka wasikilize. La mgambo likilia kuna jambo. Pembe haikusema jambo lenyewe, ilisema tu kwamba lipo. Maana yake ilikuwa moja kwa kila mtu, tajiri na mtumwa, na hiyo ndiyo iliyokuwa nguvu yake.

Ishara za aina ya pili ni zile ambazo wengine hawapaswi kuzielewa. Mwaka wa 1913 Mekatilili wa Menza alizunguka nchi ya Wagiriama akiwakataza watu wasitoe vijana wao wafanye kazi kwa Mwingereza. Alitumia kifudu, ngoma ya matanga. Afisa wa serikali aliona watu wanaomboleza. Waliokuwa ndani ya duara walijua wameitiwa nini, na kiapo walichokula kilifanya midomo ifungwe. Walimkamata mwaka huo, yeye na Wanje wa Mwadorikola, wakawapeleka nchi ya Wakisii. Mwaka uliofuata wakatoroka, wakarudi kwa miguu. Agosti 1914 serikali ikailipua Kaya Fungo kwa baruti.

Serikali nayo ilikuwa na waya wake. Njia ya simu za maandishi ya kama maili 200, kutoka Mombasa hadi Lamu, ikifuata pwani, ilianza kujengwa mwaka wa 1891. Habari ya mtu aliyeonekana Malindi asubuhi iliweza kuwa Mombasa kabla ya adhuhuri, kwa vidoko na mistari ambavyo hakuna mkulima wala mvuvi aliyeweza kuvisoma.

Hayo ya pande mbili yapo hadi leo. Watoto wa Mombasa wana kinyume chao, silabi ya mwisho inakuja mbele, polisi wanakuwa sipoli na pesa zinakuwa sape. Panda matatu ya Kilifi kutoka Mtwapa ukae kiti cha mbele. Gari linalokuja likiwasha taa mara mbili mchana kweupe, dereva anapunguza mwendo, makanga anawaambia waliosimama wachuchumae. Karao wako mbele. Na mkifika kizuizini kuna lugha nyingine tena, ambayo haina namba. Mtu atauliza kama dereva "amewaona wazee," au kama "tunaongea vizuri." Kila abiria anaelewa, hata yule mgeni aliyeshuka jana.

Hiyo ndiyo lugha ya polisi ambayo Mkenya wa kawaida anaijua vizuri. Nyingine ni namba ya OB. Ukienda kituoni kushtaki, jambo lako linaandikwa kwenye kitabu cha matukio, unapewa namba yenye mfuatano wa siku hiyo na tarehe. Shika hiyo karatasi vizuri. Bila namba ya OB hujaibiwa, hujapigwa, na ndugu yako hajapotea.

*

Watu wakijua nasikiliza skana huniuliza, "Na za hapa je?" Jibu ni hapana, na nataka niliseme wazi. Sheria ya Habari na Mawasiliano ya Kenya ya 1998 inataka leseni kwa mitambo ya redio, na Katiba ya 2010, kifungu cha 31, inalinda usiri wa mawasiliano. Mtu anayetaka kucheza na redio kihalali anaweza kusomea mtihani na kupata leseni ya redio ya ridhaa. Wakenya wenye leseni hiyo hutambulishwa kwa 5Z4, zamani za mkoloni ilikuwa VQ4. Mimi bado nasoma. Kwa sasa nasikiliza yale yanayorushwa kwa ajili ya kila mtu, na Chicago yangu ya usiku. Nayo siku hizi si ya moja kwa moja. Mwaka wa 2022 jiji lile lilianza kuzifunga redio za polisi kwa msimbo, umma ukaachiwa sauti iliyocheleweshwa dakika 30. New York wakaanza kufunga zao 2023.

Lakini la hapa kwetu lina historia yake, na inafaa ijulikane. Septemba 2013 magaidi waliingia Westgate, Nairobi, wakaua watu 67. Polisi wa kikosi maalumu walikuwa ndani tayari, wanajeshi nao wakaingia. Hawakuwa na mawasiliano ya pamoja. Kamanda wa polisi wale alikufa kwa risasi ya upande wake mwenyewe. Mwaka huo huo ndipo namba ya 999 iliporudi, baada ya kukaa kimya zaidi ya miaka kumi. Juni 2014 ikaja Mpeketoni, kule Lamu, watu zaidi ya 60 wakauawa ndani ya siku chache. Serikali ikaipa Safaricom kazi ya kujenga mtandao mpya wa polisi kwa Nairobi na Mombasa, kamera na vyombo vya mawasiliano, kwa shilingi bilioni 14.9. Redio zinazokwaruza zikaanza kuwapisha simu za kisasa zilizofungwa.

Sina ugomvi na hilo. Mtu anayekwenda kuvamia hoteli hafai kusikia polisi wako wapi. Wamarekani nao walijifunza lao. Baada ya Septemba 11 na kimbunga Katrina, idara zilipojikuta kila moja ina namba zake na hazielewani, serikali yao ilitaka kuanzia 2006 kwamba kwenye tukio la idara nyingi watu waseme lugha ya kawaida. Sema moto. Sema tuko lango la kusini. Miaka 70 ya namba, na mwisho wake wakarudi kwenye maneno.

Ila naona watu wanachanganya mambo mawili. Kuna kufunga ili adui asisikie, na kuna kufunga ili mwananchi asijue. Juni 2024, vijana walipoingia barabarani kupinga mswada wa fedha, wengi walipakua Zello, programu inayogeuza simu kuwa wokitoki. Wakawa wanaambiana barabara ipi imezibwa, nani ameumia, daktari yuko wapi. Niliwasikiliza kutoka huku Kikambala. Hawakuwa na namba. Walisema, "Kuna mtu amepigwa risasi ya mguu, tunahitaji gari." Baadaye, watu walipoanza kuchukuliwa na wasiovaa sare kwa magari yasiyo na namba, familia zilizunguka vituo vya polisi zikiuliza, na zikajibiwa kwamba jina hilo halimo kwenye kitabu. Mama wa mtu amesimama nje. Ndani kuna mwenye redio. Nilijua nimewahi kuisikia hadithi hii.

*

Mjomba sasa anagema mnazi, redio hana hamu nayo. Mwezi uliopita nilimrudishia kijitabu nilichokuwa nimekiazima. Nikamweleza habari za Hopper na silabi inayomezwa, akacheka sana. Nikamwuliza kama yule bawabu wa lango la juu waliwahi kuliongea jambo lile.

"Alikuja nyumbani jioni ile ile," akasema. "Akamwomba mamako msamaha. Alikuwa kijana mdogo, mjomba, kuliko wewe sasa. Ameambiwa nyamaza, akanyamaza."

Orodha iliishia kumi na mbili na ukurasa ulikuwa bado na nafasi. Nikamwuliza angeongeza namba gani kwa siku kama ile. Akaliangalia daftari kwa muda, akalifunga, akaliweka mfukoni.

"Ya nini namba?" akasema. "Walikuwa wamesimama pale pale barabarani. Ungewaambia tu."